Firenze kwa Jicho la Fundi: Kuba, Utumbo na Ngozi

Filippo Brunelleschi, aliyejenga kuba la kanisa kuu la Firenze, alifundishwa usonara. Lorenzo Ghiberti, aliyesubu milango ya shaba ya jengo la ubatizo lililo mkabala na kanisa hilo, alikuwa sonara. Andrea del Verrocchio, mwalimu wa Leonardo da Vinci, sonara pia. Sanaa ya mji huu ilitoka karakana, mikononi mwa watu waliojua uzito wa dhahabu, unyevu wa plasta na mishipa ya jiwe, na karakana za namna hiyo bado zipo ng'ambo ya mto Arno. Ndiyo maana naona njia bora ya kuutembea ni kuuliza swali moja mbele ya kila kitu, kiwe sanamu, kipande cha nyama au mkoba: hiki kimetengenezwa kwa kitu gani, na kwa namna gani? Swali hilo hufumbua macho kwenye makumbusho na hulinda mfuko dukani.

Kwanza, kufika

Kutoka Dar es Salaam, Nairobi au Entebbe hakuna ndege ya moja kwa moja hadi Firenze. Wengi hupitia Addis Ababa, Doha au Istanbul, hushuka Roma au Milano, kisha hupanda treni ya kasi. Kutoka Roma Termini ni kama saa moja na nusu, kutoka Milano Centrale karibu saa mbili. Kampuni mbili, Trenitalia na Italo, zinashindana kwenye njia hizo, na tiketi iliyokatwa wiki kadhaa mapema huwa rahisi mno kuliko ya siku yenyewe. Soma jina la stesheni vizuri unapokata: Campo di Marte na Rifredi nazo ni stesheni za Firenze, lakini ya katikati ya mji ni Santa Maria Novella, ambayo huandikwa kwa kifupi Firenze S.M.N. Ukipanda treni ya mkoa, kama ile ya kutoka Pisa, tiketi ya karatasi lazima ugonge muhuri kwenye mashine ndogo ya stesheni kabla ya kupanda. Asiyegonga hutozwa faini hata kama nauli ameshalipa.

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya Schengen. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000, na maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Usingoje hizo siku 15. Kinachokwamisha watu wengi ni kupata miadi ya kupeleka makaratasi, kwa hiyo anza miezi mitatu au minne mapema.

Gari la kukodi achana nalo. Katikati ya mji ni eneo lililozuiwa magari, liitwalo ZTL, na kamera zinasoma namba za magari kila mlango wa kuingilia. Faini hukufuata hadi nyumbani kupitia kampuni iliyokukodisha, nayo kampuni huongeza ada yake juu. Karibu kila utakachokwenda kukiona kiko ndani ya mwendo wa nusu saa kwa miguu, juu ya mawe yasiyo sawa, kwa hiyo viatu vipya vya ngozi ngumu visiwe ndivyo unavyovitegemea.

Kuhusu siku: Uffizi na Accademia, makumbusho mawili makubwa ya sanaa, hufungwa Jumatatu. Jumapili ya kwanza ya mwezi makumbusho ya serikali ni bure, na foleni yake inalingana na bei hiyo. Agosti jua ni kali na mafundi wengi hufunga karakana karibu na sikukuu ya tarehe 15. Mwisho wa Novemba au Februari, Jumanne hadi Alhamisi, ndio wakati ambao ningempendekezea mtu ninayemjali, hata kama atavaa koti zito.

Kuba, Uffizi na David

Vitu viwili vikatiwe tiketi kabla hata ya hoteli: saa ya kupanda kuba na saa ya kuingia Uffizi. Nunua kwenye tovuti za wenyewe, duomo.firenze.it na uffizi.it. Matangazo ya kwanza unayoyaona ukitafuta mtandaoni mara nyingi ni ya wachuuzi wanaouza tiketi ileile kwa bei ya juu.

Kanisa kuu lenyewe, Santa Maria del Fiore, kuingia ni bure. Kinacholipiwa ni kuba, mnara wa Giotto, jengo la ubatizo na makumbusho ya kanisa, na pasi inayojumuisha vyote hudumu siku tatu. Siku ni zako, lakini saa ya kuba haibadiliki. Ukichelewa umeikosa. Mabega na magoti yafunikwe, mwanamume kwa mwanamke. Kanga au kikoi ndani ya begi vinatosha.

Kuba lina ngazi 463 na halina lifti. Mwenye shida ya moyo, pumzi au hofu ya mahali pafinyu asijaribu, kwa sababu katikati ya safari hakuna kugeuka kirahisi. Lakini mwenye kuweza asiende kwa ajili ya mandhari tu. Safari yenyewe ndiyo makumbusho. Brunelleschi alijenga kati ya 1420 na 1436, na tatizo lake lilikuwa upana: karibu mita 45, juu sana kutoka sakafuni, kiasi kwamba kujaza chini jukwaa la mbao la kushikilia matofali, kama ilivyokuwa desturi, kungehitaji msitu. Alichofanya ni kujenga makuba mawili, moja ndani ya jingine, na wewe unapanda katikati yao. Ukifika sehemu ambayo ukuta unaanza kukuinamia, simama pembeni utazame matofali. Mengine yamelala, na kila baada ya kipande kuna tofali lililosimama wima, na mistari ya hayo yaliyosimama inapanda kwa mshazari kulizunguka kuba. Tofali lililosimama liliyabana yale yaliyolala ili yasiteleze chokaa ikiwa bado mbichi, hivyo kila duara lililokamilika lilijishikilia lenyewe, na mafundi wakapanda juu yake kuanza jingine.

Ukishuka, ingia makumbusho ya kanisa, ambayo wengi huyaruka ingawa yamo ndani ya pasi. Milango ya Ghiberti unayoiona nje kwenye jengo la ubatizo ni nakala. Ile ya asili, aliyoifanyia kazi kuanzia 1425 hadi 1452, iko humu ndani, pamoja na Pietà, sanamu ya kumwombolezea Yesu, ambayo Michelangelo aliichonga uzeeni na kuivunja kwa hasira.

Uffizi hufunguliwa saa 2:15 asubuhi, na tiketi itaandikwa 8:15. Chukua saa hiyo ya kwanza. Makundi yenye waongozaji huanza kujaa karibu saa nne, na yote yanaelekea vyumba vya mchoraji Botticelli. Kwa hiyo panda hadi ghorofa ya juu, nenda moja kwa moja kwa Botticelli, kisha rudi nyuma uanze mwanzo. Mbele ya Kuzaliwa kwa Zuhura watu husimama mbali wapate picha. Wewe ukipata nafasi sogea, utazame nywele: Botticelli alipitisha nyuzi za dhahabu juu ya rangi, nyembamba kama za mtarizi, na picha ya simu haizioneshi. Turubai hiyo ina upana wa karibu mita 2.8, wakati Primavera iliyo jirani imechorwa juu ya mbao.

Ukirudi mwanzo utakuta chumba chenye picha tatu kubwa za Bikira Maria na Mtoto Yesu, ya Cimabue, ya Duccio na ya Giotto. Hapa pana thamani ya dakika ishirini nzima. Kwa Cimabue kitambaa ni mistari ya dhahabu juu ya nguo bapa. Kwa Giotto, aliyechora yake karibu 1310, nguo ina magoti chini yake, na mama amekaa kweli, ana uzito. Safari yote ya uchoraji wa Firenze kwa miaka mia mbili iliyofuata imo kati ya picha hizo. Baada ya hapo nenda kwa Leonardo, Michelangelo, Titian, Artemisia Gentileschi na Caravaggio, na usilazimishe kuona kila chumba. Saa tatu zinatosha. Jicho lililochoka halioni tena.

Haya yote yasingekuwepo hapa bila mwanamke mmoja. Anna Maria Luisa, wa mwisho katika ukoo wa Medici uliotawala mji huu, mwaka 1737 aliweka mkataba kwamba hazina za familia zisiondolewe Firenze, ziwe pambo la dola, faida ya watu na kivutio cha wageni. Watawala wapya kutoka Lorraine walifungwa na maandishi hayo.

David, sanamu ya Michelangelo, yuko Accademia tangu 1873. Aliye nje, Piazza della Signoria, ni nakala. Urefu ni mita 5.17, lakini mzunguke, usimame ubavuni, uone jinsi alivyo mwembamba kwa kina. Sababu ni jiwe. Bonge hilo la marumaru ya Carrara lilikuwa limeshaanza kuchongwa na Agostino di Duccio mwaka 1464, likaachwa, likalala likinyeshewa mvua hadi Michelangelo, kijana wa miaka 26, alipokabidhiwa mwaka 1501. Alilazimika kumtafuta mtu ndani ya nafasi iliyobaki. Ukumbini, njiani kumwendea David, wamepangwa Wafungwa wanne, sanamu ambazo Michelangelo aliziacha bila kuzimaliza. Wengi huwapita haraka. Nawasihi msimame. Kwenye miili yao kuna mifereji mirefu ya patasi yenye ncha, na juu yake mistari midogo inayokwenda pamoja, kama ya kitana, ambayo ni ya patasi yenye meno. Unaona kabisa mkono ulifika wapi.

Kwa michoro ya ukutani, nenda San Marco, iliyokuwa nyumba ya watawa, ambako mtawa mchoraji Fra Angelico alichora kuta za vyumba vyao karibu mwaka 1440, chumba kwa chumba. Rangi ilipakwa juu ya plasta ya chokaa ikiwa bado mbichi. Chokaa ikikauka hugeuka kuwa jiwe na kuishika rangi ndani yake. Kwa hiyo mchoraji alipiga plasta kiasi cha kazi ya siku moja tu, na ukitazama kwa pembeni, mwanga ukiwa unatoka upande, utaona viungo vya siku hizo.

Visivyolipiwa navyo si haba. Santa Felicita, hatua chache kutoka daraja la Ponte Vecchio, ina mchoro wa ajabu wa Pontormo, rangi za waridi na bluu ambazo hutaziona kwingine. Ognissanti kuna kaburi la Botticelli. Sant'Apollonia kuna Karamu ya Mwisho ya Andrea del Castagno. Weka sarafu mfukoni, maana makanisa mengi yana kisanduku cha kuwasha taa. Na ukiingia jumba la Palazzo Vecchio, ambalo hulipiwa, mtafute twiga kwenye chumba cha Lorenzo de' Medici. Aliletwa mwaka 1487, zawadi ya Sultani Qaitbay wa Misri, na mchoraji Vasari na wasaidizi wake wakamchora miaka mingi baadaye.

Mezani

Mkate wa Firenze hauna chumvi. Si kosa la mwokaji. Huliwa na vitu vyenye chumvi nyingi, na ukilala siku mbili hautupwi: ndio unaopikwa tena kuwa ribollita, supu nzito ya maharage meupe na sukumawiki nyeusi, au pappa al pomodoro, mkate uliolainika ndani ya nyanya na mafuta ya zeituni. Vyakula hivi viwili, kwenye mgahawa unaovijali, ndivyo kipimo changu cha jiko.

Nyama inayosifika ni bistecca alla fiorentina, kipande cha ng'ombe chenye mfupa wa umbo la T, unene wa vidole vitatu au vinne, uzito kuanzia kilo moja. Huchomwa kwenye mkaa mkali dakika chache kila upande, husimamishwa juu ya mfupa, na huja ikiwa nyekundu ndani. Ukitaka iive kabisa, wapishi wengi watakataa, na wana sababu: kipande kinene hivyo kikiiva hadi katikati, nje kitakuwa kimeshaungua na kukauka. Bei nayo inawatega wageni. Kwenye menyu utaona namba ndogo, na pembeni "all'etto", yaani kwa gramu 100. Euro 6 ni euro 60 kwa kilo, na kipande cha watu wawili kina kilo 1.2. Waombe wakupimie na kukutajia bei kabla hakijawekwa jikoni. Hakuna atakayekasirika.

Asiyependa nyama mbichi aagize peposo, ng'ombe aliyepikwa taratibu kwa pilipili manga nyingi na divai nyekundu hadi akalainika kabisa. Mapokeo yanakihusisha chakula hiki na wachoma vigae wa Impruneta, mji ulio karibu, waliokiacha chungu mdomoni mwa tanuri.

Lakini chakula cha mji huu kwa kweli ni lampredotto, na msomaji aliyezoea supu ya utumbo asubuhi atajisikia nyumbani. Ni tumbo la nne la ng'ombe, linalochemshwa polepole na kitunguu, nyanya, seleri na kotimiri. Huuzwa kwenye vibanda vya magurudumu na ndani ya Mercato Centrale, soko la chuma na kioo lililofunguliwa 1874. Muuzaji hulichomoa kwenye sufuria kwa uma, hulikatakata juu ya ubao, hulipanga ndani ya mkate wa duara, kisha huuliza kama auloweshe mkate. Jibu ni ndiyo: huchovya nusu ya juu ya mkate kwenye mchuzi. Mchuzi wa kijani ni wa kotimiri na kitunguu saumu, mwekundu ni wa pilipili. Omba yote miwili. Usikae nao, kula hapohapo umesimama, ukipoa mafuta huganda.

Waislamu wajue mambo matatu. Nyama ya migahawa ya kawaida haikuchinjwa kihalali, hata ikiwa ya ng'ombe. Nguruwe hujificha: kwenye ribollita kunaweza kuwa na ngozi yake ya kutia ladha, na mikate mingine hukandwa kwa mafuta yake, yaitwayo strutto. Uliza "C'è maiale? C'è strutto?" kabla ya kuagiza. Na divai au pombe huingia kwenye michuzi na kwenye tiramisù nyingi. Bado kuna pappa al pomodoro, maharage kwa nyanya, tambi na samaki.

Kahawa ukinywa umesimama kaunta bei ni moja, ukikaa mezani ni nyingine, na kwenye viwanja vikubwa tofauti ni kubwa. Mgahawani utatozwa "coperto" ya euro mbili au tatu kwa kila mtu. Ni halali, na bakshishi si lazima. Maji ya kunywa ni bure kwenye bomba la umma kando ya Palazzo Vecchio. Aisikrimu iangalie rangi: ya pistachio iwe ya kijani iliyofifia karibu na kahawia, na chombo kisiwe kimejazwa mlima wa povu. Kijani kinachong'aa ni rangi ya kuongeza.

Dukani

Mkoba wa ngozi ndio unaowapoteza watu wengi zaidi. Kuzunguka kanisa la San Lorenzo vibanda vimejaa, kila kimoja na muhuri wa "vera pelle" na "Made in Italy". Muhuri wa kwanza unasema tu kwamba ni ngozi, bila kusema ni tabaka gani. Tabaka la chini la ngozi lililofunikwa plastiki nalo hupita. Muhuri wa pili ni rahisi kugongwa.

Kwa hiyo acha muhuri, shika kitu. Anza na ukingo, pale mkanda au kifuniko kilipokatwa. Ukiona nyuzinyuzi zilizoshikana kutoka juu hadi chini, rangi ikiwa imeingia hadi ndani, hiyo ni ngozi kamili. Ukiona utando mwembamba unaong'aa juu ya kitu chenye manyoya, huo utando utabanduka kwanza pale mkanda unapojikunja. Ikiwa ukingo umefunikwa rangi nene kama gundi, mwombe akuonyeshe sehemu nyingine. Bonyeza kwa kidole gumba: ngozi hukunjamana mistari midogo isiyolingana, plastiki huzama na kurudi sawasawa. Kisha hesabu mishono. Iwe midogo, ya umbali mmoja, na pale mkanda unapobeba uzito iwe imerudiwa. Zipu ifungue na kufunga mara kadhaa. Mkoba mzuri wenye zipu mbovu ni mkoba mbovu.

Toscana, jimbo ulimo mji huu, inasifika kwa ngozi inayolainishwa kwa tanini za mimea, kazi ya wiki kadhaa kwenye mapipa, hasa kwenye viwanda vya Santa Croce sull'Arno. Tanini hizo ni pamoja na ya magome ya muwati, mti unaolimwa pia Njombe. Ngozi hii ni ngumu mwanzoni, hunukia mti, huchubuka kirahisi wiki za kwanza, kisha hukolea na kung'aa kwa kushikwa. Ikidondoshewa tone la maji hupata doa. Ukitaka mkoba usiojali mvua, chukua ngozi iliyotengenezwa kwa kromi, ni laini na rangi yake haibadiliki. Zote ni ngozi nzuri, mradi muuzaji akuambie ni ipi. Ya mimea iliyothibitishwa huja na kadi ya chama cha watengenezaji yenye namba.

Kwenye viatu tazama alama ndogo chini au ndani: umbo la ngozi ya mnyama iliyotandazwa ni ngozi, msalaba wa nyuzi ni kitambaa, na umbo la almasi ni vitu vinginevyo. Kila kiatu kinachouzwa Umoja wa Ulaya lazima kionyeshe uso, bitana na soli ni za nini.

Kuona kazi ikifanyika, nenda Scuola del Cuoio, nyuma ya kanisa la Santa Croce, shule iliyoanzishwa na watawa Wafransisko baada ya vita ili yatima wapate ufundi. Au vuka mto hadi mitaa ya Santo Spirito na San Frediano, ukitazama madirishani. Mafundi wengi hufunga mchana na Jumapili. Kibandani kupatana bei ni kawaida. Karakanani usiteremshe bei kwa nguvu, uliza badala yake kama kuna kitu chenye kasoro ndogo.

Dhahabu ya Ponte Vecchio, darajani walikohamishiwa masonara baada ya wachinjaji kufukuzwa mwaka 1593, kwa kawaida ni karati 18, muhuri wa 750. Aliyezoea dhahabu ya Dubai au Muscat ya karati 21 na 22 ataiona imefifia. Uliza gramu, linganisha na bei ya siku, utajua unalipia kazi ya mkono kiasi gani. Alama ya mtengenezaji ni nyota, namba na herufi za mkoa, FI kwa Firenze.

Mikoba ya majina makubwa inayotandazwa chini kwenye shuka usiiguse. Italia humtoza faini mnunuzi, na inaweza kufika euro 7,000.

Mwisho, kodi. IVA, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ni 22% na imo ndani ya bei, kwa hiyo mkoba wa euro 500 una kodi ya euro 90.16. Asiyeishi Umoja wa Ulaya anaweza kurudishiwa sehemu yake, ikiwa amenunua kwa zaidi ya euro 70 katika duka lenye mpango huo. Kampuni inayorudisha hukata ada yake. Onyesha pasipoti kabla risiti haijatolewa, maana baada ya hapo maduka mengi hayawezi kurekebisha. Bidhaa ziwe mpya, na ziondoke Ulaya ndani ya miezi mitatu. Uwanja wa ndege nenda forodha kwanza, kabla ya kukabidhi sanduku, kwa sababu wana haki ya kutaka kuuona mkoba. Ukiwa na ndege ya kuunganisha Paris au Frankfurt na mkoba ukiwa mkononi, idhini hutolewa huko, uwanja wa mwisho wa Ulaya. Sanduku likiwa limeandikwa moja kwa moja hadi Nairobi au Dar es Salaam, idhini hutolewa pale linapokabidhiwa. Risiti zote zibaki kwenye begi la mkononi, kwa sababu forodha ya nyumbani nayo itaziuliza.